Profesa Muyembe: kutoka shamba la Kwilu hadi dawa iliyojaribiwa Beni na Butembo



Leo sileti habari za barabara wala za risasi. Nitazungumza juu ya mtu mmoja, kwa sababu ya swali niliulizwa na msichana ambaye jamaa yake ilikimbia upande wa Kanyabayonga katikati ya mwaka 2024. Sasa wanapanga chumba kimoja Butembo, watu wanane. Anajitayarisha kwa mtihani wa serikali, ile Exetat, na moyo wake uko kwenye masomo ya vijidudu vinavyoleta magonjwa. Mjomba wake alimcheka mbele yangu. Alisema utafiti ni kazi ya Wazungu, mtoto wa mhami ajifunze kushona nguo, angalau apate franga za unga. Msichana hakumjibu mjomba, maana mkubwa hajibiwi hivyo. Alinigeukia mimi: "Papa, kuna Mkongo hata mmoja aliyetoka kijijini akafika huko?"

Nilimuuliza kama alichanjwa wakati wa Ebola. Akasema ndiyo, mwaka 2019, alipokuwa kwa shangazi yake Katwa. Basi nikaanza kumsimulia, na ninayoandika leo ni yaleyale, ila nimeyapanga vizuri zaidi.

Mtu huyo anaitwa Jean-Jacques Muyembe Tamfum. Alizaliwa mwaka 1942 katika kijiji cha Kikola, sehemu tunayoiita leo jimbo la Kwilu, magharibi mwa nchi yetu. Wazazi wake walikuwa wakulima. Alisoma katika shule za mapadri Wayezuiti, kama watoto wengi wa upande ule waliokuwa na bahati ya kukaa karibu na misioni.

Ili tupime umbali alioutembea, tukumbuke hali ya nchi wakati ule. Wabelgiji walikubali kufundisha Wakongo kuwa wauguzi na wasaidizi wa waganga. Kuwa muganga kamili ilikuwa jambo lingine. Chuo kikuu cha Lovanium, juu ya kilima cha Mont Amba huko Léopoldville, kilifunguliwa mwaka 1954 tu. Siku ya uhuru, tarehe 30 Juni 1960, Wakongo waliomaliza chuo kikuu nchi nzima walihesabika kwa urahisi: hesabu inayotajwa kwa kawaida haifiki 30. Miaka miwili baadaye, mwaka 1962, kijana wa Kikola akaingia Lovanium kusoma udaktari. Hakuwa na babu wala mjomba wa kumwonyesha njia. Rika lake lilikuwa linafyeka pori.

Akiwa mwanafunzi alivutwa na vijidudu kuliko na kisu cha upasuaji. Akamaliza udaktari mwaka 1969. Mwaka huohuo, tarehe 4 Juni, wanafunzi wa Kinshasa waliandamana na askari wakawafyatulia risasi. Nataja jambo hilo ili mtu asifikiri kwamba zamani masomo yalikuwa ya amani na sisi peke yetu ndio tunasoma katikati ya vita.

Kutoka Kinshasa alikwenda Ubelgiji, kwenye Chuo kikuu cha Leuven, katika taasisi ya utafiti inayoitwa Rega. Huko alisomea virusi, yaani vile vijidudu vidogo mno ambavyo hata mashini ya kawaida ya kukuzia haivioni. Mwaka 1973 alipata doktora yake. Hapo angeweza kubaki Ulaya. Maabara zilikuwako, mishahara ilikuwako, panya wa kufanyia majaribio walikuwako. Lakini alirudi.

Alipofika nyumbani hakukuta maabara ya kufaa wala panya. Lovanium yenyewe haikuwako tena kwa jina lile. Mwaka 1971 serikali ya Mobutu ilikuwa imeunganisha vyuo vikuu vyote vitatu vya nchi kuwa kimoja, Chuo kikuu cha taifa cha Zaire. Elimu aliyoipata kwa miaka minne, ya kufanya kazi ndani ya chumba chenye vyombo vya thamani, haikuwa na mahali pa kukaa. Wengine wangerudi uwanja wa ndege. Yeye aliingia darasani kufundisha wanafunzi wa udaktari, na kwa utafiti akatoka nje, akafuata magonjwa yalipo, vijijini. Sielewi vizuri watu wanaposema kwamba alikosa nafasi ya kuwa mtaalamu wa maabara. Kwa maoni yangu, kama angepata maabara nzuri mwaka 1973, dunia isingemjua.

Kwa vijana wanaoniuliza, nieleze kidogo ngazi ya chuo kikuu kwetu Kongo, maana wengi wanafikiri profesa ni mtu aliyezeeka tu darasani. Mwanafunzi anayefanya vizuri anachukuliwa kuwa asistani: anasaidia profesa, anasahihisha mitihani, anaongoza kazi za mikono. Baadaye anakuwa chefu wa kazi. Hapo wengi hukwama, wengine mpaka pensheni, kwa sababu ngazi inayofuata inadai doktora: uandike teze, kitabu kizima cha utafiti wako mwenyewe, na uitetee mbele ya maprofesa. Baada ya teze ndipo mtu anakuwa profesa, kwanza asosie, kisha profesa kamili, na mwisho ordineri. Katika vyuo vyetu vya Butembo na Beni tunao machefu wa kazi hodari ambao wangekuwa maprofesa zamani kama wangepata franga za kwenda kufanya teze. Muyembe alivuka kizingiti hicho akiwa na miaka 31. Baadaye aliongoza fakulte yote ya udaktari Kinshasa.

Sasa tufike mwaka 1976. Mwezi wa Septemba habari zilitoka Yambuku, misioni ya Wakatoliki katika eneo la Bumba, jimbo la Équateur. Watu walikuwa wanakufa kwa homa na kutoka damu. Walifikiri ni homa ya manjano, au tifoidi. Serikali ikatuma wataalamu kutoka Kinshasa, na Muyembe alikuwa mmoja wao. Walifika wakakuta hospitali karibu tupu. Wagonjwa walikuwa wametoroka kwa woga. Katika wafanyakazi 17 wa hospitali ile, 11 walikufa kabla mambo hayajaisha.

Alifanya kazi ya muganga: akapima wagonjwa, akachukua damu, akachukua vipande vya ini kwenye maiti. Glavu hakuwa nazo. Kila alipochomoa sindano, damu haikukoma kutoka pale penye tundu, ikamlowesha vidole. Jambo hilo lilimshangaza, maana hakuwahi kuona ugonjwa wa namna ile. Aliosha mikono kwa maji na sabuni, basi. Yeye mwenyewe ameeleza mara nyingi kwamba pengine ni sabuni ile iliyomwokoa. Akina mama wa Luofu waliochoka kusikia kelele zetu za "nawa mikono" wakati wa ugonjwa, mnaona ilikotoka.

Mtawa mmoja aliyekuwa na homa alikubali kusafirishwa naye hadi Kinshasa. Akafia huko. Damu ya wagonjwa ikatiwa ndani ya termosi, ikapanda ndege kwenda Antwerp, Ubelgiji, na kutoka hapo sehemu nyingine ikaenda Uingereza na Marekani. Huko, kwa mashini kubwa, waliona kirusi kirefu chenye kujikunja kama mnyoo, ambacho hakikujulikana. Wakakipa jina la mto ulio upande ule: Ebola. Watu 318 waliugua, 280 wakafa.

Uchunguzi ulionyesha kitu cha kuumiza moyo. Kila asubuhi wauguzi wa hospitali ile walikuwa wanapewa sindano 5 tu kwa wagonjwa wote wa siku hiyo. Sindano ileile ilipita kutoka mkono hadi mkono, ikioshwa kwa maji ya uvuguvugu. Wengi waliambukizwa pale walipokwenda kutafuta uzima. Watu wanaokataa hospitali hapa kwetu si wajinga kama wanavyotukanwa. Imekwisha kutokea kwamba hospitali iliua.

Kwa miaka mingi, vitabu vya Ulaya na Marekani viliposimulia habari za Ebola, vilisimulia wale waliofungua termosi. Mtu aliyeijaza damu hiyo bila glavu alitajwa kwa mstari mmoja, au hakutajwa. Muuguzi mmoja Mkongo wa Kinshasa, Mayinga, aliyeambukizwa alipohudumia wagonjwa wa kwanza na akafa, jina lake lilibaki kwenye chupa za maabara: aina ile ya kirusi inaitwa Mayinga mpaka leo. Hivyo ndivyo hesabu ilivyogawanywa. Damu yetu, vifo vyetu, na utafiti wao. Muyembe hakupiga kelele, lakini hakusahau, na mtaona mbele.

Miaka iliyofuata ilikuwa mibaya kwa wasomi wa Zaire. Mishahara ya maprofesa ikayeyuka pamoja na zaire yenyewe. Mwaka 1991, na tena 1993, askari waliokosa mshahara walipora miji, Kinshasa ya kwanza. Watafiti wengi wa kigeni waliokuwa wanafanya kazi za SIDA pale walifunga mizigo wakaondoka. Muyembe alibaki akifundisha. Ninapofikiria miaka ile sioni ushujaa wa kusimuliwa. Naona mtu anayekwenda kazini bila umeme, anayeandika ubaoni, anayesahihisha karatasi. Labda ndiyo sehemu ngumu kuliko zote, ila hakuna mengi ya kusema juu yake.

Mwaka 1995 simu ikatoka Kikwit, mji mkubwa wa jimbo lake la kuzaliwa. Waganga na wauguzi walikuwa wanaanguka mmoja baada ya mwingine baada ya kumpasua mgonjwa mmoja. Walikuwa wanadhani ni kuhara damu. Muyembe alipofika alitambua alichokiona miaka 19 nyuma. Akatuma damu nje ipimwe, na jibu likarudi: Ebola. Akawekwa kuongoza kamati ya wataalamu, Wakongo na wageni. Watu 315 waliugua, kama 250 wakafa, na katika waliougua karibu 80 walikuwa wahudumu wa afya.

Hapo Kikwit alifanya jambo ambalo leo linatugusa sisi wa Beni na Butembo. Aliwaza hivi: mtu aliyepona Ebola amepona kwa sababu mwili wake umetengeneza askari wa kuua kirusi, wanaoitwa kingamwili. Je, tukichukua damu yake tukampa mgonjwa, askari hao hawatapigana ndani ya mwili mwingine? Wakatafuta waliopona, wakapima damu yao isiwe na SIDA wala magonjwa mengine, wakawapa wagonjwa 8. Wagonjwa 7 wakapona.

Wataalamu wa nje hawakushangilia. Walisema wagonjwa wale walikuwa mwishoni mwa ugonjwa na walitunzwa vizuri kuliko wa kwanza, pengine wangepona hata bila damu ile. Na hakukuwa na kundi jingine la kulinganisha. Niseme ukweli, hoja yao ilikuwa na nguvu. Watu 8 ni wachache. Mtafiti hawezi kusema "nimeona kwa macho yangu" kisha akataka dunia nzima imwamini. Tofauti yake na sisi wabishi wa kwenye radio ni kwamba yeye hakubishana. Aliitunza ile hoja kwa zaidi ya miaka 20, mpaka alipopata njia ya kuijibu.

Mwaka 1998 alianza kuongoza INRB, ile taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba iliyoko Kinshasa. Mwaka 2006, miaka 11 baada ya Kikwit, yeye na wenzake wa taasisi ya afya ya Marekani waliwaendea tena waliopona Kikwit, wakaomba damu kidogo. Kwa mmoja wao askari walikuwa bado wako macho. Kutoka kwenye chembe za damu yake wataalamu walichagua kingamwili moja iliyomshinda kirusi vizuri zaidi. Wakaiita mAb114. Mwaka 2016 waliichapisha: kima waliopewa Ebola kisha wakapewa dawa hiyo walipona. Ilibaki kujaribiwa kwa wanadamu walio wagonjwa. Kwa hilo ilipasa kungoja Ebola irudi.

Ikarudi kwetu. Tarehe 1 Agosti 2018 serikali ilitangaza ugonjwa uko Mangina, karibu na Beni. Mnakumbuka yaliyofuata, sina haja ya kuyachora. Kufikia tarehe 25 Juni 2020, siku ugonjwa ulipotangazwa kuisha, watu 3 470 walikuwa wameugua na 2 287 wamekufa, wengi wao Beni, Butembo, Katwa, Mabalako. Haukuwahi kutokea mkubwa kama ule katika nchi yetu.

Na mnakumbuka hasira. Watu walikuwa wanauawa kwa mapanga Beni tangu 2014, na hatukuona jipu mia za kuja kuwaokoa. Hapa Luofu, usiku wa Aprili 2009, nyumba zaidi ya 200 ziliteketezwa, na watoto walikuwa ndani ya baadhi yake. Msafara wa msaada wa namna ile hatukuuona. Halafu Ebola ikaja, na kwa ghafla magari yakajaa, hoteli zikajaa. Desemba 2018 wakaaji wa Beni na Butembo wakanyimwa kupiga kura ya rais pamoja na wenzao, sababu moja ikitajwa kuwa ni Ebola, wakati sokoni na kanisani tulikuwa tunakutana kila siku. Nani angeamini? Vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa Februari 2019. Tarehe 19 Aprili muganga Richard Mouzoko, Mkameruni, aliuawa ndani ya hospitali ya Chuo kikuu cha Graben, Butembo. Alikuja kutusaidia. Na kuna uchafu mwingine wa riposti uliojulikana baadaye: tume huru iliyoundwa na OMS ilitoa ripoti yake Septemba 2021, ikataja watu 83 wanaoshukiwa kuwatumia wanawake na wasichana vibaya, 21 kati yao wakiwa wafanyakazi wa OMS. Kuisifu sayansi bila kutaja hilo ingekuwa kuwatemea mate wasichana wale.

Ndani ya fujo hiyo ndimo jibu la swali la Kikwit lilimopatikana. Tangu Agosti 2018 wagonjwa wa kwanza walipewa mAb114 kwa huruma, yaani kabla ya majaribio kamili, kwa kuwa hapakuwa na kitu kingine. Kisha, tarehe 20 Novemba 2018, majaribio yenyewe yakaanza katika vituo vya Beni, Mangina, Butembo na Katwa. Dawa zilikuwa nne. Mgonjwa aliyekubali, au jamaa yake aliyekubali kwa niaba yake, alipangiwa dawa moja kwa kura, ili mtu asiseme tena kwamba huyu alipendelewa. Wagonjwa 681 waliingia. Kati ya walioongoza kazi hiyo alikuwa Dokta Sabue Mulangu wa INRB, kizazi kipya kilichokulia chini ya mzee.

Tarehe 9 Agosti 2019 majaribio yalisimamishwa kabla ya wakati. Matokeo yalikuwa wazi. Kwa dawa ya ZMapp, karibu nusu ya wagonjwa walikuwa wanakufa. Kwa remdesivir, zaidi ya nusu. Kwa mAb114 waliokufa walikuwa 35 katika 100, na kwa dawa nyingine ya kingamwili, REGN-EB3, kama 34. Lakini sikilizeni hili vizuri: wale waliofika kituoni mapema, kirusi kikiwa bado kidogo katika damu, waliokufa kwa dawa hizo mbili walikuwa karibu 10 au 11 katika 100. Muyembe, ambaye rais alikuwa amemweka kuongoza riposti yote mwezi mmoja kabla, akatangaza kwamba tangu sasa haitasemwa tena kuwa Ebola haina dawa. Desemba 2020 Marekani iliithibitisha mAb114 kwa jina la Ebanga.

Kwa hiyo damu ya mtu wa Kikwit wa mwaka 1995 iliwaponya watu wa Katwa mwaka 2019. Na chanjo ile waliyochomwa watu zaidi ya 300 000, pamoja na msichana wangu wa Exetat, ilitengenezwa kwa kuchukua sehemu ya ngozi ya nje ya kirusi cha Kikwit, ikabandikwa juu ya kirusi kingine kisichodhuru mtu, ili mwili ujifunze kukitambua adui. Chanjo hiyo si kazi ya Muyembe, ilitengenezwa Kanada. Lakini mnaona jinsi Kikwit ilivyofika Katwa kwa njia mbili.

Watu wengi wa Butembo hawajui kwamba wao ndio waliotoa jibu hilo kwa dunia. Walisikia wanafanyiwa majaribio kama panya. Nami nilisikia hivyo, na sikujua namna ya kujibu. Leo ningejibu kwamba ndiyo, yalikuwa majaribio, na kwamba yalifanywa wazi, kwa ruhusa, na waliopona kwayo wako mitaani wanauza pondu. Ningesema pia kwamba haki ya kutengeneza Ebanga ilipewa kampuni ya Marekani, Ridgeback Biotherapeutics, na kwamba sisi bado tunangoja dawa iliyotoka katika damu yetu ije kwa ndege. Yote mawili ni kweli.

Hapo ndipo ile habari ya termosi inarudi. Mzee aliamua kwamba damu zilizokusanywa katika ugonjwa wetu hazitatawanyika nje kama za 1976; anayetaka kuzichunguza aje Kongo, kwa INRB, afanye kazi pamoja na Wakongo. Maabara za INRB ziliwekwa Beni, Butembo, Goma na kwingine, jibu la kipimo likapatikana kwa saa chache badala ya siku. Na Katwa, Katwa hii yetu ya matope na migomba, ikawekwa mashini ya kusoma maandishi ya ndani ya kirusi, herufi kwa herufi, ili ijulikane ni nani aliyemwambukiza nani. Waliosoma maandishi hayo walikuwa Wakongo, kazi ambayo Dokta Placide Mbala na Profesa Steve Ahuka wa INRB wameisimamia. Mwaka 2020 taasisi ilipata pia jengo jipya Kinshasa, lililojengwa kwa msaada wa Japani.

Zawadi zilikuja mzee akiwa amepita miaka 70: moja ya Uingereza mwaka 2015, ya Ufaransa mwaka huohuo, na mwaka 2019 ile ya Japani inayoitwa Hideyo Noguchi. Sikuzikalia sana zawadi nilipokuwa nikimsimulia msichana, na yeye hakuziuliza.

Aliuliza kitu kingine: kama mashini ile ya Katwa ilifanya kazi tena baada ya wageni kuondoka. Nikamwambia juu ya Februari 2021. Mwanamke mmoja aliyetoka Biena alifariki Butembo kwa dalili zilezile. Ebola imerudi. Watu 12 waliugua, 6 wakafa, na tarehe 3 Mei ikaisha. Wataalamu wa INRB walisoma kirusi kile wakakuta si kigeni kutoka porini: kilifanana na kile cha 2018 hadi 2020, maana yake kilikuwa kimejificha ndani ya mwili wa mtu aliyepona, kisha kikatoka tena. Jambo hilo likawa na faida kubwa, sababu lilionyesha kwamba waliopona wanahitaji kufuatwa na kupimwa kwa muda mrefu, bila kutengwa.

Mjomba alikuwa amekaa kimya muda wote akitengeneza kamba ya viatu. Akauliza Exetat inagharimu franga ngapi mwaka huu. Msichana akamtajia. Mjomba akakunja uso, akatoa simu yake, akaanza kutafuta namba ya mtu anayemdai.